Barua ya Malalamiko: Jokofu la Gesi Lililorudishwa Likiwa Bovu na la Hatari

Columbus, Ohio,
Marekani.

Meneja,
Karakana ya Trela na Vifaa vya Gesi.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKARABATI WA JOKOFU LA TRELA LA MWAKA 1966

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi Machi nililileta kwenu jokofu dogo la gesi na umeme nililolitoa katika trela langu la kusafiria, Shasta ya mwaka 1966, ambalo nimekuwa nikilifufua kidogo kidogo kwa miaka miwili sasa. Niliwachagua nyinyi kwa sababu tangazo lenu, lililoandikwa kwa Kiswahili, lilisema kwamba mnayafahamu majokofu ya zamani ya aina hii. Kazi niliyowapa, kama fomu ya mapokezi inavyoonyesha, ilihusu upande wa gesi peke yake: kusafisha kichomeo na dohani, kubadilisha mpira wa gesi, na kukagua uvujaji pamoja na vali ya usalama. Mabomba ya ubaridi yalikuwa mazima na sikuwaomba muyaguse.

Nasema yalikuwa mazima kwa kuwa niliyapima mwenyewe. Kabla ya kuchomeka chochote nilinusa ndani na nyuma ya jokofu, kisha nikamulika kila kiungo kwa tochi nikitafuta unga wa manjano. Unga huo ni sodiamu kromati, dawa ya kuzuia kutu inayochanganywa humo ndani tangu kiwandani, na ukishaonekana nje ya bomba ujue kuna uvujaji na hakuna la kutengeneza. Sikuona unga, wala sikusikia harufu ya amonia, kemikali inayozunguka humo na kuleta ubaridi. Koili ya umeme inayopasha joto ilisoma ukinzani wa omu 96 kwenye mita, ambayo ndiyo hesabu ya koili ya wati 150 inayotumia volti 120, na haikuwa imegusana na bodi popote. Ndipo nikalisimamisha barazani, nikalisawazisha kwa pima maji mbele na ubavuni, nikaliacha kwenye umeme kwa saa 24. Kipimajoto nilichokitumbukiza katika glasi ya maji ndani ya jokofu kilisoma nyuzi 3 za Selisiasi. Nilianza na umeme kwa makusudi. Jokofu hili hufanya baridi kwa kupashwa joto, na halijali kama joto hilo limetoka kwenye waya au kwenye moto, kwa hiyo umeme unatosha kukuonyesha kama mabomba yangali hai kabla hujathubutu kuwasha gesi ambayo hujaikagua. Maelezo hayo yote niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika mlangoni mwa jokofu. Nilipolichukua, karatasi ilikuwa bado ipo palepale.

Sasa tazameni picha mliyonitumia wenyewe kwa simu ili kunithibitishia kwamba kazi inaendelea. Jokofu linaonekana limewashwa kwenye uwanja wenu wenye mteremko, limeegemezwa kwenye kipande cha mbao, na fundi wenu alinieleza baadaye kwamba lilikaa hivyo "siku mbili tatu". Muundo wa mtambo huu, uliobuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, hauna kompresa wala pampu. Maji na amonia hurudi chini kwa uzito wake tu. Likiinama, kimiminika hutuama kwenye mikunjo ya juu, sehemu inayochemsha hubaki karibu kavu huku moto ukiendelea kuwaka, na ile kromati hugeuka chembe ngumu zinazoziba bomba jembamba. Nimelirudisha barazani, nimelisawazisha vilevile, nimelichomeka kwenye umeme uleule: chini linaunguza mkono, juu hakuna dalili ya ubaridi, na baada ya saa 24 maji ya kwenye glasi yana joto la hewa ya nje.

Hilo ni la hasara. La hatari ni upande wa gesi, ambao ndio niliowalipia dola 480, na ambao risiti yenu inasema "umekarabatiwa na kupimwa". Nililiwasha mara moja tu, ndani ya trela, madirisha yakiwa wazi, na ndani ya dakika 20 king'ora cha kaboni monoksidi kikalia. Mwali ulikuwa wa manjano na wenye masizi, ilhali unapaswa kuwa wa buluu. Nilipofungua nikakuta bamba la chuma lililosokotwa, ambalo huning'inia ndani ya dohani kuupunguza moshi kasi, halimo kabisa. Tundu la jeti, yaani mdomo mdogo unaopitishia gesi kwenye kichomeo, limekwaruzwa kwa waya na kupanuliwa, jambo ambalo hata fundi wa kabureta mtaani hulikwepa. Jeti hulowekwa kwenye spiriti na kupulizwa, basi. Kitufe cha vali ya usalama, kinachopaswa kukata gesi moto ukizimika, kilikuwa kimefungwa kwa waya ili kisirudi. Na ukanda unaoziba mwanya kati ya mgongo wa jokofu na chumba cha kulala, ambao fundi wenu aliung'oa alipokuja kulipachika, haukurudishwa.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na trela lote lina upana wa hatua chache. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani imewaonya watu waache kutumia majokofu ya gesi ya Servel yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1933 na 1957 kwa sababu ya vifo vilivyotokana na gesi hiyohiyo. Langu si Servel, lakini karakana inayojitangaza kuwa ya vifaa vya gesi haiwezi kusema haikuwa na habari. Wanangu wawili walikuwa walale humo usiku uliofuata.

Nilipopiga simu, niliambiwa kwanza nilipindue kichwa chini usiku kucha. Mbinu hiyo naifahamu, na pengine husaidia jokofu lililokaa miaka bila kuwashwa. Bomba lililozibwa na chembe zilizoungua halizibuki kwa kupinduliwa. Kisha nikaambiwa nilirudishe "litobolewe na kujazwa gesi". Ndugu Meneja, humo ndani mna amonia na hidrojeni chini ya shinikizo kubwa. Amonia ni sumu na hidrojeni hulipuka. Naomba fundi aliyetoa ushauri huo asiruhusiwe kumpa mteja mwingine.

Kwa hiyo nadai, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mnirejeshee dola 480 zote. Mlipie mtambo mpya wa ubaridi unaolingana na kabati la jokofu langu, kwa kuwa huu hautengenezeki. Mnirudishie bamba la dohani, ambalo si rahisi kulipata tena. Na mniandikie kwa ukamilifu ni nani aliyefunga vali kwa waya na lini. Picha, risiti na vipimo vyangu vya kabla na baada nimeviambatanisha. Jokofu, pamoja na ule waya, nimelihifadhi kama nilivyolikuta, na mnaweza kumtuma mtu kulikagua hapa nyumbani, lakini halitatoka tena kwenda kwenu.

Wenu,

Mteja, mwenye trela la mwaka 1966