Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Phocas Tuliyemnunua na Heraclius Tuliyemkataa

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlio ukumbini na mlio mbali mnaotusikiliza kwa simu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, na habari za ada anazo katibu. Mimi nitasema juu ya sarafu, maana ndizo zilizotukutanisha, kisha nitawaletea jambo moja lililonisumbua moyo mwaka huu, ambalo naomba mkutano huu ulitolee uamuzi kabla hatujatawanyika.

Mnakumbuka tulivyobishana mwaka jana. Wengine walitaka tununue kapu la sarafu za shaba, wengine tuweke akiba yote kwenye dhahabu, hata kama ni sarafu moja tu. Dhahabu ilishinda kwa kura chache. Kwa hiyo mwaka mzima chama kimekuwa na sarafu moja ya kuisoma pamoja, solido, yaani sarafu ya dhahabu, ya Phocas, aliyekuwa kaisari wa Bizanti, dola ya Warumi wa mashariki, mjini Constantinople, Istanbul ya leo, kuanzia 602 hadi 610. Niliipigia kura shaba siku ile. Leo nasema mbele yenu kwamba waliochagua dhahabu waliona mbali kuliko mimi.

Kwa ajili ya wanachama wapya nieleze kidogo. Solido ilianzishwa na Constantine wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 4. Ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa solido 72, kila moja ikiwa na gramu kama 4.5, na dhahabu yake ilikuwa karibu safi kabisa. Makaisari walipinduana, majimbo yakapotea, dini ikagombaniwa, lakini kipimo hicho kilishikiliwa kwa karne saba hivi, mpaka walipoanza kuichanganya dhahabu na madini mengine katika karne ya 11. Chini ya upande wa nyuma mtaona herufi CONOB. CON ni Constantinople, na OB ni kifupi cha neno lao la dhahabu iliyosafishwa kwa moto. Solido moja ilihesabiwa kuwa karati 24, na ndiyo sababu sonara wa leo akisema karati 24 anamaanisha dhahabu isiyo na mchanganyiko. Hata neno letu fulusi lilianzia huko: sarafu yao ya shaba iliitwa follis, Waarabu wakasema fals, na kwa wingi fulus, nasi tukalipokea. Dinari nayo ina asili ya Kirumi. Anayeuliza Mswahili ana nini na makaisari wa Bizanti, mwambieni kwamba tumekuwa na fedha zao mdomoni siku zote.

Sasa Phocas mwenyewe. Jioni ya kwanza tulipomtoa kwenye kibahasha, katibu wetu alimshika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, akamsogeza chini ya taa, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Huyu ana ndevu." Alikuwa amegusa kiini cha jambo. Makaisari waliomtangulia, kina Justinian, Justin wa Pili, Tiberius wa Pili na Maurice, wanatazama mbele kwa nyuso laini, za aina moja. Ukifunika maandishi kwa kidole, mara nyingi unatambua vazi au kofia ya chuma kuliko unavyomtambua mtu. Phocas hahitaji kusomewa jina. Ndevu zake zimechongoka kama ncha ya mkuki, macho ni makubwa, na taji lina msalaba mdogo juu. Mkononi ana tufe lenye msalaba, ishara ya kwamba dunia iko chini ya Kristo na yeye ndiye mwangalizi wake. Jina limeandikwa FOCAS, kwa F. Nyuma amesimama malaika na maneno ya ushindi, VICTORIA AVGU, yakifuatiwa na herufi moja ya Kigiriki inayotaja karakana. Karakana za Constantinople zilikuwa kumi. Yetu ina E, yaani ya tano. Uzito wake ni gramu 4.41, na ukingo umepinda kidogo upande wa kulia, mahali ambapo huenda mtu aliung'ata au kuubana kuipima dhahabu. Napapenda sana hapo palipopinda. Pananikumbusha kwamba iliwahi kushikwa na watu waliokuwa na madeni na mishahara ya kulipwa.

Mwenye uso huo alikuwa ofisa wa cheo cha chini katika jeshi la mto Danube. Askari walipoamriwa kukaa majira ya baridi ng'ambo ya mto, waliasi, wakamfanya kiongozi, wakaelekea mjini. Maurice alikamatwa, na wanawe wakauawa mbele ya macho yake kabla naye hajauawa. Baada ya hapo karakana zile zile, na yumkini mafundi wale wale, wakaanza kufua dhahabu kwa sura ya kaisari mpya. Tulijadiliana jioni mbili nzima: je, tunauona ukatili katika uso huu? Baadhi yenu mlisema ndiyo. Mimi siuoni. Namwona mtu asiye na baba wala babu wa kifalme anayehitaji sana kuaminiwa, kwa hiyo anajionyesha jinsi alivyo na kuahidi kwamba dhahabu yake ni ile ile ya jana. Ahadi ya pili aliitimiza. Huko Roma nguzo aliyosimamishiwa mwaka 608 ipo mpaka leo, lakini sarafu yake ndiyo iliyomfikisha kwenye meza yetu.

Kutoka kwake tulisonga mbele kwa picha tu, na hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Heraclius, aliyempindua na kumwua Phocas mwaka 610, alianza na ndevu fupi. Mwaka 613 mwanawe mchanga alivishwa taji, na punde tunamwona kwenye dhahabu kando ya baba, kichwa kidogo kama cha mtoto anayechungulia dirishani. Panga sarafu za utawala ule kwa mfuatano na kijana anakua mbele yako. Bega linapanda, kidevu kinaota nywele, na ndevu za baba zinarefuka mpaka kifuani. Mwishoni wanasimama watatu, kwa sababu mwana mwingine ameongezwa. Constans wa Pili vivyo hivyo, kaisari tangu mtoto wa miaka 11, anaanza na uso mtupu na kuishia na ndevu zinazojaza nusu ya sarafu. Hii ni albamu ya familia iliyochapwa kwa dhahabu, na sijui kama ipo nyingine ya zamani inayoishinda kwa uaminifu.

Uaminifu huo una mipaka, na tuliugundua mpaka huo kwa Justinian wa Pili. Yeye ndiye aliyethubutu kuweka uso wa Kristo kwenye upande mkuu wa solido, akajisogeza mwenyewe nyuma, amesimama na msalaba, na kujiita mtumwa wa Kristo. Miaka michache baadaye, mwaka 77 wa Hijra, Khalifa Abd al-Malik alitoa dinari zisizo na sura yoyote, maneno matupu ya imani pande zote mbili. Nadhani mtoto wa pwani akiziweka hizo mbili kiganjani anaelewa mabishano ya kuchora au kutochora sura bila mwalimu. Justinian aliondolewa mwaka 695, akakatwa pua ili asifae tena kutawala. Alirudi mwaka 705 kwa msaada wa Wabulgari. Na sarafu za utawala wake wa pili? Pua ipo, nzima, imenyooka. Fundi alijua anachotakiwa kuchonga.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa tano nilinunua kwa fedha zangu solido ya Heraclius na mwanawe, nikikusudia chama kiinunue kutoka kwangu kwa bei ile ile kama mngeridhika. Muuzaji sitamtaja. Niliipima: gramu 4.38. Nikaipima tena ikiwa imening'inizwa majini kwa uzi, kama tulivyofundishana, ikapungua gramu 0.23, sawasawa na inavyotakiwa dhahabu nzuri. Nikafurahi. Nikaileta kwenye kikao nikiwa nimevaa suti.

Kijana wetu mwanafunzi, yule anayekaa nyuma na kuongea kidogo, aliomba aitazame. Akaiweka kando ya picha kutoka orodha ya mnada wa zamani. Kwenye picha kulikuwa na mkwaruzo mwembamba uliotoka kwenye taji la mtoto na kushuka hadi begani. Kwenye sarafu yangu kulikuwa na mkwaruzo ule ule, urefu ule ule, ukipinda mahali pale pale. Muhuri mmoja hugonga sarafu nyingi sana, kwa hiyo kufanana kwa sura si kosa. Lakini mkwaruzo huja baadaye, mfukoni au udongoni, na haizaliwi mikwaruzo pacha. Sarafu yangu ilikuwa imesubiwa katika kalibu iliyotolewa kwenye ile ya pichani. Chini ya lenzi tuliona vishimo vidogo vya mapovu kati ya herufi, na herufi zenyewe zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Dhahabu ilikuwa halali. Heraclius ndiye hakuwa halali.

Fedha zilirudi baada ya miezi mitatu, zikiwa pungufu. Hilo nimeshalisamehe. Ambalo sijalisamehe ni langu mwenyewe: nilipomwuliza muuzaji sarafu imetoka wapi, alinijibu "kwenye mkusanyiko wa zamani," nami nikaridhika na maneno hayo manne kwa sababu nilikuwa naitamani.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Chama kisinunue, na kisishauri mwanachama kununua, sarafu yoyote ya dhahabu ya zama hizo za kale isiyo na historia ya umiliki inayoweza kuonyeshwa: ama ilikuwa nje ya nchi ya asili kabla ya Mkataba wa Unesco wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, ama imepatikana na kuandikishwa kwa mujibu wa sheria ya mahali ilipofukuliwa. Uturuki imekataza mali za kale kutoka nchini, na tangu vita vya Syria vianze mwaka 2011 kuna ardhi nyingi iliyochimbwa usiku. Azimio namba 2199 la Baraza la Usalama, la mwaka 2015, linakataza biashara ya mali za kale zilizotolewa kinyume cha sheria Iraq na Syria.

Mzee wetu wa Tanga alinipinga kwenye kamati, na ni haki mjue hoja yake. Alisema karatasi zinapandisha bei, na tukizidai tutakiacha chama kwa wenye nacho. Ni kweli bei itapanda. Lakini mzee wangu, kwa heshima, fikiria kaburi la merikebu la Sutton Hoo kule Uingereza. Humo mwaka 1939 zilikutwa sarafu ndogo 37 za dhahabu za Wafranki, kila moja kutoka karakana yake. Kwa kuwa zilibaki pamoja, ndizo zilizowasaidia wataalamu kukadiria umri wa kaburi lile. Zingeuzwa moja moja na mchimbaji wa usiku, tungekuwa na sarafu 37 nzuri na kaburi lisilo na tarehe. Na hapa kwetu, dinari za Kifatimi, za ukhalifa wa kale wa Afrika Kaskazini, zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zina maana kwa sababu zilikutwa pamoja na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, mahali panapojulikana. Afadhali tununue moja kwa miaka mitatu.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuelekee Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, kwa picha na nakala za plasta tu, bila kununua. Wafalme wake walifua dhahabu kwa majina yao tangu karne ya 3, na sura zao zimezungukwa na masuke ya nafaka. Ezana, wa karne ya 4, aliondoa mwezi na duara juu ya kichwa chake na kuweka msalaba. Dada yetu wa Muscat amekubali kuongoza jioni ya kwanza, namshukuru.

Utunzaji wa Phocas unahama leo kutoka kwangu kwenda kwa yule kijana mwanafunzi, kwa sababu ambazo sihitaji kuzirudia. Baada ya kura, sarafu itakuwa kwenye meza ya nyuma, pamoja na taa na lenzi. Osheni mikono, mkaushe vizuri, mshike ukingoni, na mikono yenu ibaki juu ya kile kitambaa kinene.

Mwenyekiti