Wanamuziki wa Vita vya Kagera nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Kila tukikumbuka Vita vya Kagera tunawataja wapiganaji, na wananchi waliotoa ng'ombe na mazao. Ni haki yao. Wanamuziki je? Tangu Idi Amin wa Uganda aivamie Tanzania Oktoba 1978 hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilitutia moyo sisi tuliobaki nyumbani: ngoma za mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu, halafu taarifa ya habari, kisha bendi na kwaya zikimzomea nduli Amin. Nyimbo zilirekodiwa redioni hapo hapo. TBC, shirika la utangazaji la taifa lililoirithi redio hiyo, izipige tena, na mtangazaji aseme nani aliimba na nani alicharaza gitaa, si jina la bendi tu.

Msikilizaji wa zamani,
Bukoba