Robinson alitanguliwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Jackie Robinson ilinigusa, ila mlimwita Mweusi wa kwanza kucheza besiboli ya ligi kuu Marekani. Robinson aliingia 1947. Miaka 63 kabla yake, Moses Fleetwood Walker alikuwa mdakaji, yaani anayedaka mipira ya mrushaji na kumwonyesha kwa ishara arushe vipi, wa timu ya Toledo katika American Association, iliyohesabiwa kuwa ligi kuu.

Nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi, na familia ya Walker naiheshimu mno. Baba alikuwa daktari huko Ohio. Moses na mdogo wake Weldy walisoma Oberlin College, na Weldy naye aliichezea Toledo mechi chache mwaka huohuo wa 1884. Mara nyingi Moses alidaka bila glavu. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba alipuuza ishara za Moses kwa sababu ya rangi yake, akarusha mpira alivyotaka. Fikirini mikono ya mtu huyo!

Julai 1887 viongozi wa International League, ligi ndogo aliyokuwa akichezea Moses wakati huo, walipiga kura kutosajili tena wachezaji weusi. Hata hivyo, Moses alicheza hadi 1889.

Weldy hakunyamaza. Machi 1888 barua yake kwa rais wa Tri-State League, ligi nyingine ya besiboli iliyokuwa imewafungia mlango watu weusi, ilichapishwa katika gazeti la Sporting Life. Naomba muitafsiri na kuichapisha yote, ukurasa uleule mlioweka makala ya Robinson.

Mwalimu mstaafu wa michezo