Barua ya wazi kwa Waziri: majina yaliyotelekezwa chini ya go.ke

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, Nairobi

Mheshimiwa,

eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipozidiwa na maombi ya uongo Julai 2023, nchi nzima ilijua siku hiyohiyo. Hatari tunayokuandikia, ya majina ya tovuti za serikali yaliyoachwa bila mwangalizi, haipigi kelele.

Wizara huanzisha mradi, ikafungua jina jipya chini ya kikoa chake (anwani yake ya mtandaoni, inayoishia na go.ke) na kulielekeza, kwa rekodi ya CNAME (inayosema jina hili lifuate jina lile), kwenye seva ya kukodi. Ufadhili ukiisha, bili hailipwi na seva hufungwa, lakini rekodi hubaki. Kwa baadhi ya kampuni za seva, mtu yeyote anaweza kufungua akaunti na kulidai jina hilo. Tangu hapo ukurasa wake unatoka kwenye anwani halisi ya serikali. Cheti, kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, atapewa bure kwa dakika chache, maana mtoa cheti huangalia tu nani anayelidhibiti jina, hajali nia yake. Raia aliyeambiwa "hakikisha ni go.ke, tazama kufuli" ametii yote, na bado nenosiri lake limekwenda kwa mwizi. Tena kuki (vijifaili vinavyomtambulisha mtumiaji kwa tovuti) zilizowekwa kwa kikoa kizima hutumwa huko pia.

Dawa yake ni kazi ya karani kuliko ya fundi. Kila taasisi iorodheshe rekodi zake zote za DNS (daftari linaloelekeza majina kwenye seva), izilinganishe na kumbukumbu za wazi za vyeti, kisha ijaribu kila CNAME. Ikijibu NXDOMAIN, yaani jina hilo halipo, au ukurasa wa kampuni unaosema hakuna kitu hapa, ifutwe leo. Mradi ukifungwa, rekodi ifutwe kwanza, seva baadaye. Wengi hufanya kinyume. Mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla ya hapo.

Jina la serikali hughushiwa pia katika barua pepe. Vikoa visivyotuma barua pepe viwekewe rekodi ya SPF ya "v=spf1 -all" (hakuna seva yenye ruhusa ya kutuma) na ya DMARC ya p=reject (barua za kughushi zikataliwe) mara moja. Vinavyotuma vianze na p=none (tazama tu, usizuie), ripoti zisomwe, ndipo vikazwe; ukiruka hatua hiyo, barua halali zitapotea.

Mwisho, kila tovuti iwe na faili ya /.well-known/security.txt, yenye mistari ya Contact (pa kuripoti tundu la usalama) na Expires (tarehe ya mwisho wa faili). Kuingia katika mfumo bila idhini ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kwa hiyo anayeona tundu hunyamaza. Tunaomba mwongozo wa maandishi, wenye sahihi yako, utakaosema nani apokee taarifa, ajibu ndani ya siku ngapi, na kwamba aliyetoa taarifa kwa nia njema hatashtakiwa.

Wako,
Wahandisi wa usalama wa mifumo