Wauza programu za SACCO, tupeni bakapu zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotuuzia programu za SACCO, zile zinazokaa kwenye seva za mbali na sisi tunazifungua kwa intaneti tu. Chama kinachowalipa kila mwezi kina haki ya kupakua bakapu, yaani nakala kamili ya hesabu zake, hadi kwenye kompyuta yake chenyewe, siku kinayotaka, bila kumpigia mtu simu Kampala na kuambiwa fundi atarudi Jumatatu.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Arua. Wanachama wetu wengi ni waendesha boda boda, akina mama wa sokoni na wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda Ariwara, upande wa Kongo. Tuliacha madaftari tukaingia kwenye programu ya kulipia, na sina hamu ya kurudi nyuma. Mwanachama akiuliza salio anajibiwa kabla hajakaa kwenye benchi. Rejesho likichelewa tunaliona siku hiyo hiyo. Asije mtu akasema huyu mzee ana ugomvi na kompyuta.

Kilichonifanya niandike ni yaliyokipata chama jirani. Walikosana na muuzaji wao juu ya ada, akaunti ikafungwa. Wakapatanishwa, wakakabidhiwa walichoambiwa ndiyo data yao: taarifa za wanachama katika PDF, mafungu kwa mafungu. Kurasa hizo zinasomeka kwa macho, lakini programu mpya haikuweza kuzipokea na kuendelea na hesabu. Ikabidi waajiri vijana waliomaliza Senior Six, wale wanaokaa nyumbani kusubiri matokeo, wachape upya jina kwa jina, hisa kwa hisa. Mpaka leo wapo wanachama wanaobishia riba waliyowekewa wakati ule. Hesabu zilikuwa zao, hakuna aliyekataa hilo, ila mkononi hawakuwa nazo.

Wauzaji wana jibu la haraka: msihofu, tunachukua bakapu kila usiku. Naamini wanachukua. Mimi nauliza inakaa wapi na ufunguo anao nani. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba bakapu zao zilikuwa eneo lile lile zilipokuwa seva. Mei 2024 Google Cloud, huduma ya seva za kukodi ya Google, ilifuta kwa bahati mbaya mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Miongoni mwa vilivyowasaidia kusimama tena ni bakapu walizokuwa wameziweka kwa kampuni nyingine kabisa. Na hao ni wakubwa, wenye mafundi wa kila aina. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao, alifuta hifadhidata (ghala la data yote) iliyokuwa ikitumika, akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipozikimbilia bakapu, njia zote walizozitegemea zikawa ama hazifanyi kazi au hazifai. Pona yao ilikuwa nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono mapema siku hiyo.

Kwetu Uganda kuna jambo la ziada. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, mtandao ukasuasua Afrika Mashariki yote, nasi tusio na pwani tukaungojea kama wenzetu wa Mombasa. Siku kama hizo mtu amefiwa, amekuja kutoa akiba yake anunue sanda, na karani anatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo. Kama orodha ya masalio ya jana ingekuwa kwenye kompyuta yetu, tungempa pesa zake, tukaandika kwenye karatasi, tukaingiza mtandao ukirudi.

Ila bakapu ipi? Hapo ndipo tunapozungushwa. Muuzaji akibanwa anaweza kukutumia hifadhidata nzima, faili moja iliyobanwa, na kweli ni kamili. Lakini faili hiyo inarudishwa ndani ya programu ile ile, na programu anayo yeye. Ukigombana naye umebaki na kufuli bila mlango. Kwa hiyo pamoja na hifadhidata tunataka majedwali ya CSV ambayo hata Excel ya zamani inafungua: wanachama, hisa, akiba, mikopo, marejesho, kila muamala na tarehe yake. Tena tunataka viambatisho, yaani fomu za mikopo, picha za vitambulisho, sahihi za wadhamini. Watu wengi hawajui kwamba vitu hivi mara nyingi havimo ndani ya hifadhidata. Mle mna jina la faili tu na mahali ilipo. Faili yenyewe iko folda nyingine.

Sisi tulilijua hilo kwa sababu kamati ya usimamizi ilisisitiza bakapu ijaribiwe. Kijana fundi wa hapa mjini aliirudisha kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa stoo, kwa programu ya majaribio ambayo muuzaji alikubali kutuazima kwa shingo upande. Jumla ya akiba, hisa na mikopo ililingana na urari wa siku ile hadi shilingi ya mwisho. Tukafurahi. Kisha mjumbe mmoja akasema tufungue mkopo wowote tumwone mdhamini. Picha hakuna, fomu hakuna, sahihi hakuna, kwa mikopo yote. Tungelijua hilo lini, mahakamani?

Kazi ya kupakua yenyewe si ngumu, ila ina mambo yake. Faili ya gigabaiti 3 kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa tatu, na ukiipakua kwa kivinjari cha kawaida, umeme ukikatika njiani mara nyingi unaanza upya, bando limekwenda. Na bando, kumbukeni, linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Zipo zana kama rsync zinazoendelea pale zilipoishia na kuchukua kilichobadilika tu, lakini muuzaji lazima akufungulie njia. Angalieni pia saa: seva nyingi hufuata saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo faili inayoandikwa 23:00 imechukuliwa kwetu saa nane usiku, tarehe inayofuata. Mkaguzi wa hesabu asiyelijua hili atawasumbua bure. Faili ikishafika, linganisheni alama yake ya SHA-256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili ikibadilika hata kidogo, na ile ya kwenye seva. Kwenye Windows amri ya certutil inatosha. Alama zikitofautiana, imeharibika njiani.

Muuzaji wetu aliniambia, na hapa simkatalii, kwamba laptopu ya chama ikiibwa mwizi ameondoka na siri za wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatubana sisi pia, si yeye peke yake. Ndiyo maana bakapu yetu inafungwa kwa nenosiri kabla ya kuwekwa kwenye diski ya nje, diski inalala kwenye sefu pamoja na fedha taslimu, na nenosiri wanalo mweka hazina na katibu. Flashi hairuhusiwi. Kijana wa ofisini anayebeba hesabu za chama kwenye flashi ya nyimbo zake, huyo mimi namwogopa kuliko mwizi.

Lakini hoja ya usalama isitumike kutunyima. Mkataba wetu unasema muuzaji anatunza bakapu za siku 7, kisha mpya inafuta ya zamani. Sheria ya kodi inatutaka tutunze kumbukumbu miaka 5. Karani akiingiza rejesho kwa mtu asiye wake mwezi Februari, na likagunduliwa Mei, bakapu zote 7 zimekwisha kulibeba kosa hilo. Ndiyo maana ile ya mwisho wa kila mwezi tunaitaka ikae kwetu, isifutwe na mtu.

Mkataba wetu unakwisha mwaka huu na nimeandika kifungu hiki kiingie: hifadhidata, majedwali na viambatisho, kitufe cha kupakua kikiwa kwenye ukurasa wa mwenyekiti na mhasibu, na siku 90 za kupakua baada ya mkataba kuvunjika, hata kama tunadaiwa. Jibu lililokuja ni kwamba hiyo ni huduma ya ziada, itakuwa na bei yake. Sawa, basi bei hiyo iandikwe kwenye matangazo yenu, kando ya ile bei ya mwezi mnayotuvutia nayo, ili chama kikilinganisha wauzaji kilinganishe zote mbili.

Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo,
Arua, Uganda