Yah: Malalamiko Kuhusu Ripoti Yenu ya Ukaguzi wa Kuta, Nyumba ya Mkunazini

Meneja,
Kampuni ya Ukaguzi wa Majengo,
Zanzibar.

Ndugu Meneja,

Assalamu alaykum.

Nakuandikia kuhusu nyumba ya ghorofa moja niliyoinunua Mkunazini, Mji Mkongwe, baada ya kampuni yenu kunikagulia. Nilimweleza mkaguzi wenu waziwazi kinachonishughulisha: mama yangu ana presha, joto linamtesa, na atalala chumba cha juu. Nilitaka kujua kama kuta za juu zinakinga joto. Ripoti ikajibu kwa sentensi moja: "Kuta zote ni za mawe, nene, hali nzuri." Kwa kuiamini sentensi hiyo, nikatoa pesa.

Kaskazi ilipoingia, chumba kile hakikukalika. Kuta za chini zinabaki baridi hata saa nane mchana, lakini ukuta wa juu wa upande wa magharibi ukiuwekea kiganja jioni unatoa moto, na hali ni hiyo hadi usiku mkubwa. Nikamwita fundi. Akabandua plasta nyuma ya kabati. Hapakuwa na jiwe la matumbawe wala chokaa. Palikuwa na bloku za saruji za inchi sita, zimepangwa safu kwa safu. Upande ule ulijengwa upya zamani, ukapigwa plasta na kupakwa rangi ufanane na kuta nyingine.

Kulijua hilo hakukuhitaji kubomoa kitu. Ukuta wa mawe wa nyumba zetu za kale kwa kawaida una unene wa nusu mita au zaidi, na kina cha dirisha lake kinaonyesha. Kina cha dirisha la chumba kile hakifiki hata shubiri moja. Futi ya fundi ingetosha. Isitoshe, mkaguzi alikuja asubuhi, wakati wa kipupwe, ambapo ukuta wowote ukiugusa ni baridi.

Kuta za chini ndizo zilizoniudhi zaidi, maana hizo ni za mawe kweli na zinaharibika. Mtu alizipiga plasta ya saruji. Jiwe la matumbawe hufyonza maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke taratibu. Ukiufunika ukuta kwa saruji maji hukosa njia, hupanda na chumvi yake mpaka kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, na boriti huanza kuoza. Ukuta uliolowa pia haukingi joto kama mkavu. Dalili zilikuwa wazi: nyuma ya mlango wa jiko saruji imevimba hadi usawa wa kiuno, na ukiipitisha kidole unabaki na unga mweupe wa chumvi. Ripoti yenu haikulitaja hilo, wala haina picha hata moja ya jiko.

Tunaishi katika mji ulioona sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ikiporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu. Kuandika "hali nzuri" juu ya ukuta usiopimwa ni kuchezea maisha ya watakaolala ndani.

Naomba mnirudishie ada yote ya ukaguzi. Naomba pia mkaguzi mwingine, anayezijua nyumba za mawe, apime unene wa kila ukuta, aangalie ncha za boriti, kisha mnipe ripoti iliyosahihishwa yenye picha, kwani nitaihitaji nikienda kuomba kibali cha matengenezo kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Gharama ya kubandua saruji na kurudishia chokaa tukae tuizungumze; sikubali niibebe peke yangu.

Nimeambatanisha ripoti yenu, risiti, na picha za ukuta na za dirisha likiwa na futi. Nataka kazi hii ianze kabla ya masika, kwani mvua zikishika chokaa haikauki.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Mkunazini.