Mwanangu, keti tu

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Chamwino hatujambo, ila joto la Novemba limeshika na upepo unamwaga vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mbuyu wa kisimani umeanza kuchipua.

Bado nayawaza uliyoniambia kwenye simu, kwamba huko Dar es Salaam ukipiga magoti maneno hayaji, unainuka unalala. Uliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeiba. Usione aibu, baba. Hata mimi yalinikuta, mwaka ule baba yako alipougua. Kanisani nilikuwa naimba na kupiga ngoma na akina mama wenzangu, nikifika nyumbani nikifunga mlango, sina neno. Niliogopa kwamba Mungu ananiona mnafiki. Ndipo akaja bibi mmoja wa kanisani na ungo wa karanga. Hakuuliza kitu. Aliketi, akanisogezea ungo, tukabangua. Maganda yalijaa miguuni petu mpaka jua likazama. Alipoinuka akasema, "Leo tumeomba vya kutosha," akaenda zake. Nilikasirika, nikaona ananichezea. Lakini usiku ule nilipata usingizi nilioukosa wiki nzima.

Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 8, kwamba hatujui kuomba itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Naliamini neno hilo kuliko maombi ya kelele yanayohesabiwa kwa saa.

Jana nimeanza kupanda uwele. Kwetu unajua hatuingoji mvua ya Desemba, tunaitangulia. Nilifunga mbegu kwenye pindo la khanga, nikawa nachimba, nadondosha punje chache, nafukia kwa wayo. Udongo wa moto, mbingu nyeupe, wingu hata la dawa hakuna. Sikusema Baba Yetu wala nini. Nilipanda tu, shimo baada ya shimo, na moyoni nilijua Bwana ananiona.

Nikamkumbuka nabii Eliya kule mlima Karmeli akiingoja mvua, alivyomtuma mtumishi wake mara saba kutazama upande wa bahari. Wahubiri hukikimbilia kile kiwingu kilichoonekana mara ya saba. Mimi huwa nabaki kwenye ile mara ya nne, ya tano: mzee ameinama, uso katikati ya magoti, na kijana anarudi tena bila habari. Biblia haisemi wakati ule alikuwa anatamka nini.

Basi usihangaike kutafuta maneno. Ukitoka kazini, zima simu, keti kitandani, unyamaze mbele zake. Saa mbili usiku, nikishaepua ugali, nitakuwa kwenye kigoda pale nje nalitaja jina lako. Maneno yatatoka huku.

Jirani anakuja huko Alhamisi kwa treni ya SGR. Nimempa ubuyu na mlenda mkavu akuletee. Ule mlenda uuloweke kwanza, una mchanga kidogo.

Mama yako